Vyombo vya Kigali

Mdogo wangu hakuwahi kununua rozari safarini. Mara ya kwanza tulipovuka mpaka pamoja tulikwenda Namugongo kuhiji na kwaya ya parokia. Wenzetu walirudi na picha za mashahidi, medali, na chupa za plastiki zenye umbo la Bikira Maria zilizojaa maji ya baraka. Sisi tulirudi na sufuria nzito ya kusubu yenye masikio mawili, na mwiko mrefu wa kupondea ndizi. Mama alitupokea uani kwetu Mabawe, wilaya ya Ngara, akautazama mzigo, akauliza, "Mlikwenda kuhiji au mlikwenda gulioni?"

"Tumehiji, mama," mdogo wangu akamjibu. "Magoti yanauma kwa kusali. Lakini picha ukishaitundika ukutani unaacha kuiona. Mwiko utaushika kila siku, na kila siku utaikumbuka Uganda."

Mama aliguna, akaupokea mwiko.

Basi ikawa desturi yetu. Kibeho, Rwanda, tulinyeshewa mvua ya kutwa nzima kule milimani, tukarudi na mabuti ya mpira na mwavuli mpana wa kutosha watu wawili. Kutoka Burundi, ambako si mbali na kwetu, tulileta majembe na nyungo. Mdogo wangu alikuwa na jicho la kuchagua. Aligonga sufuria kwa kidole kilichokunjwa akasikiliza inavyolia, akapindua ungo kuangalia ulivyoshonwa pembezoni, akanusa mpini wa kisu. Wauza duka walimchukia kwanza, kisha wakamcheka, kisha wakampunguzia bei. Mimi nilibeba.

Baadaye tukaachana makazi. Mimi nilipangiwa kufundisha shule ya msingi Mugoma, nikabaki karibu na kwetu. Yeye aliolewa mbali, Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, kwa kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Kwetu walinung'unika kidogo. Walisema ataishi na watu ambao hasikii lugha yao, atakula ugali kutwa mara mbili, atasahau ndizi. Yeye alikwenda. Nilipomtembelea baada ya mavuno ya kwanza nilimkuta anakamua ng'ombe na kuwafokea kwa Kisukuma, na mama mkwe wake amekaa mlangoni anacheka mpaka machozi yanamtoka. Walipendana, wale wawili. Nalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani mama yule alikuwa mkatili. Hakuwa.

Baada ya mtoto wa pili mdogo wangu alianza kuchoka. Akipanda kilima kidogo tu, alisimama kuhema. Miguu ilimvimba. Walidhani ni damu, wakampa vidonge vya damu. Walidhani ni malaria. Mwishowe sista mmoja, daktari katika hospitali ya misheni, aliweka kipimo kifuani kwake, akasikiliza muda mrefu, akasema mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, na damu inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Ilihitajika kufunguliwa kifua. Sista alikuwa na wenzake Kigali waliofanya kazi hiyo, na kutoka kwetu Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam. Akatuandikia tuende.

Shemeji yangu aliuza ng'ombe. Alitaka kwenda mwenyewe, lakini alikuwa hasikii neno la lugha ya kule, na watoto walikuwa wadogo. Mimi shule zilikuwa zimefungwa. Kihangaza chetu na Kinyarwanda vinasikilizana vizuri, mtu akisema polepole. Ikaamuliwa niende mimi.

Asubuhi tunaondoka, mama mkwe alimshika mdogo wangu mikono yote miwili, akaniambia kwa Kiswahili chake cha gulioni, "Mwalimu, nakupa mwanangu. Unirudishie mwanangu."

"Nitamrudisha, mama," nikasema. Nani angesema vingine?

Kigali walimlaza kwenye wodi ndefu yenye madirisha makubwa. Madaktari walisema lazima kwanza wapunguze maji mwilini, ndipo wampasue. Kwa hiyo tulingoja. Kungoja hospitalini kunachosha kuliko kulima. Unakaa kwenye kiti kilekile, unatazama chupa ya dripu ileile, mgonjwa anakutazama wewe, na kila mmoja anajitahidi mwenzake asimwone usoni.

Yeye ndiye aliyechoka kwanza na hali hiyo. Alikaa kitandani, akatengeneza kanga yake, akasema, "Wewe, nenda sokoni."

"Kufanya nini?"

"Tuko ugenini au hatuko ugenini? Tumewahi kurudi nyumbani mikono mitupu?"

"Unaumwa," nikamwambia.

"Naumwa moyo. Macho siumwi. Nenda ukanitafutie keni ya maziwa. Nimeiona njiani tukiwa kwenye gari, mtu kaifunga kwenye baiskeli. Ina mfuniko wa kubana. Nyumbani tunabeba maziwa kwenye dumu la mafuta, huwezi kuingiza mkono kulisugua, yanaganda kabla hayajafika kwa mnunuzi."

Nikaenda, nusu kwa kumridhisha, nusu kwa kutaka hewa. Sokoni mwuza keni alinisikiliza ninavyoongea, akauliza kama natoka Burundi. Nikasema Tanzania. Akaita wenzake waje wamsikilize Mtanzania anayesema lugha yao kama bibi wa zamani. Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nikarudi wodini na keni, na mdogo wangu akaifungua, akaifunga, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akasema, "Hii sasa ni keni."

Tangu siku ile alikuwa na kazi. Aliniagiza chujio la maziwa lenye nyavu laini. Aliniagiza blanketi, na akaeleza la namna gani: zito, la rangi isiyoonyesha uchafu, kwa ajili ya mama mkwe ambaye magoti yalimsumbua wakati wa baridi. Nilileta la kwanza akalikataa, akasema limelegea, litapukutika, nikaenda kuleta jingine. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akiugua kama yeye, aligeuka akasema, "Dada, huyu mdogo wako anafungua duka?"

"Anafungua nyumba," nikamjibu. Maana ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anaeleza jinsi atakavyojenga jiko jipya likitazamana na zizi, keni itakaa wapi, sufuria kubwa itakaa wapi. Kila kitu nilichoingia nacho mlangoni kilikuwa kitu cha kutumika mwezi ujao. Madaktari walisema mapigo yake yametulia. Mimi si daktari, lakini niliona uso wake umerudi.

Sufuria ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nilimletea sufuria nzuri, nene, na akaigonga akaridhika. Kisha akaweka mfuniko, akautikisa, ukacheza.

"Huu si mfuniko wake," akasema. "Wamekuchanganyia."

"Kesho unapasuliwa," nikamwambia. "Achana na mfuniko."

"Kesho hiyohiyo wakinichukua, wewe nenda kabadilishe. Ukikaa hapa utalia tu, na mimi sitaki nikizinduka nikukute umevimba macho."

Asubuhi walipomsukuma kwenye kitanda chenye magurudumu alinyoosha kidole, si kwangu, kwenye sufuria iliyokuwa chini ya kiti. Nikabadilisha mfuniko. Nilirudi mbio, nikakaa kwenye benchi la ukumbini na sufuria mapajani, na alikuwa bado ndani. Walimtoa akiwa hai. Wakampeleka kwenye chumba cha uangalizi ambako ndugu hawaingii, nikamwona kupitia kioo, na mirija mdomoni. Muuguzi aliniinulia kidole gumba. Mchana wa siku iliyofuata daktari alinijia palepale kwenye benchi, amevua kofia yake ya kijani, akaketi kando yangu badala ya kusimama. Nilijua kabla hajasema. Alisema moyo ulichoka. Alisema walijaribu. Sikumbuki mengine, nakumbuka kwamba nilimshukuru.

Gari tulilopata ni pikapu ya mtu wa Ngara aliyezoea safari hizo. Jeneza lilikaa katikati, na dereva akafunga vyombo kando yake kwa kamba ya mpira, keni upande mmoja, sufuria upande wa pili. Sikufikiria kuviacha. Najiuliza hadi leo kama mtu mwingine angeviacha. Lakini vilikuwa vitu vyake. Alivichagua kimoja kimoja, na kuviacha Kigali kungekuwa kama kumvua nguo njiani.

Rusumo, upande wetu wa daraja, ofisa wa forodha alipitia karatasi za maiti, akavua kofia, kisha akaona keni.

"Na hivi, mama? Ni vya biashara?"

"Ni vya marehemu."

Alinitazama, akatazama jeneza, akagonga mlango wa gari kwa kiganja kutuambia twende.

Shemeji yangu alikuwa akitungoja hapo na kaka yake. Alipanda nyuma akakaa karibu na jeneza, nami nikapanda nyuma pia. Barabara ile ina matuta kila penye nyumba, na kila tuta mfuniko uligonga sufuria. Tulipopita Benaco akauliza, bila kuinua macho, "Shemeji, ni nini kinachogonga?"

"Vyombo vyake. Aliniagiza ninunue."

Aliweka mkono juu ya mfuniko akaukandamiza, na hivyo ndivyo tulivyokwenda, Nyakahura, Lusahunga, yeye ameshikilia mfuniko usilie.

Nyantakara watu walikuwa wamejaa uani. Wanaume waliteremsha jeneza, vilio vikapanda, na katika kelele zile dereva, mtu mwema aliyetaka tu kumaliza kazi yake, akafungua kamba akateremsha keni, sufuria, furushi la blanketi na chujio, akavipanga chini mbele ya macho ya watu wote. Vilikuwa vipya. Viling'aa. Nilisikia kilio cha upande wa wanawake kikipungua, kama mtu aliyepunguza redio.

Shangazi mmoja wa ile familia akasema kwa Kiswahili, ili nisikie, "Huyu alikwenda kuuguza au alikwenda kufunga mzigo?"

Mwingine akadakia, "Ng'ombe wa kijana wetu wamegeuka sufuria."

Nilinunua vile vyombo kwa mshahara wangu. Ningeweza kusema hivyo. Ningeweza kusema ni yeye, alinituma, alikuwa anapanga jiko lake. Lakini jeneza lilikuwa chini, na mtu atasimamaje juu ya jeneza la mdogo wake ajitetee kwa ajili ya sufuria? Nilikwenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, mama."

Alinitazama. Hakuitikia. Aligeuza uso kwenye ukuta, akasema kwa sauti ndogo, "Viondoke hapa. Sitaki kuviona."

Tulizika. Siku zote za matanga vyombo vilikaa chini ya ghala la mahindi, hakuna aliyevigusa, hata siku watu walipozidi na masufuria ya kupikia yakapungua, wakaenda kuazima kijiji cha jirani. Mvua ilinyesha ndani ya keni. Nililala na wanawake wengine kwenye mkeka, na walinipa chakula, na hakuna aliyenitukana. Wakati mwingine ningependa wangenitukana. Nilipoondoka nilimkuta dereva wa lori la mahindi anayekwenda Ngara, nikapakia vyombo vyote. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Hakuniaga.

Kwetu Mabawe mambo hayakuwa mepesi. Mama alilia kwa kuwa mwanaye amezikwa mbali, kisha akalia kwa ajili ya vyombo. Habari ilikuwa imetutangulia, maana watu wa gulio hubeba maneno haraka kuliko magari. Baada ya misa mwanamke niliyesoma naye aliniuliza kwa upole kabisa kama ni kweli mgonjwa alikata roho mimi nikiwa dukani. Nilimweleza. Alitikisa kichwa kwa huruma, na nikaona hakuamini. Tangu hapo nikaacha kueleza. Vyombo nilivifunika kwa gunia, nikavipeleka nyumba yangu ya walimu Mugoma, nikavisukuma uvunguni.

Shemeji alikuja mwishoni mwa kiangazi, kwa pikipiki, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Nilimkaribisha uji. Alikishika kikombe bila kunywa.

"Shemeji," akasema, "mimi sikuja kugombana. Nataka kujua alisema nini. Watu wote wananiambia ulinunua nini. Hakuna anayeniambia yeye alisema nini."

Nilivitoa uvunguni kimoja kimoja, nikaviweka mbele yake sakafuni, na kwa kila kimoja nikamwambia maneno yake. Keni, na lile dumu la mafuta lisiloingia mkono. Chujio. Jiko jipya la kutazamana na zizi. Nilimwambia jinsi alivyolikataa blanketi la kwanza, na akacheka ghafla, kwa sababu alimsikia mke wake kabisa. Kisha nikamwambia blanketi lilikuwa la nani.

"La mama?"

"Alisema magoti yanamsumbua."

Alijifunika uso kwa lile blanketi, mwanaume mzima, akalia ndani yake, nami nikatoka nje nikasimama kwenye migomba mpaka aliponiita.

Alivichukua vyote. Nilidhani sasa yatakwisha. Baada ya muda alinipigia simu. Nilimwuliza mama mkwe amesema nini. Akasema, "Mama ameelewa, shemeji. Ameelewa kwamba hukukosea. Ila blanketi amelikataa. Anasema hawezi kujifunika kitu kilichosafiri na jeneza. Natumia mimi."

Nilitaka kukasirika, lakini ningemkasirikia nani? Mama yule alikuwa amenikabidhi mtu, nikamrudishia sanduku. Kuelewa ni jambo moja. Mwili kulikubali ni jambo lingine.

Mwaka huu nilikwenda Nyantakara, likizo ya Juni. Shemeji ameoa tena, binti mpole kutoka Geita, na sina neno baya juu yake. Alinipikia kunde kwenye ile sufuria. Mfuniko ulikaa vizuri, haukucheza. Jiko wamelijenga kwingine, nyuma ya nyumba, linatazama shamba la pamba. Alipoona naiangalia sufuria, binti yule akasema, "Nzuri, eti, dada? Haiunguzi hata kidogo. Sijui waliitoa wapi, ningetafuta nyingine."

Shemeji alikuwa ametoka. Hakuna aliyemwambia binti yule habari ya sufuria. Niliwaza nimwambie, nikaona nitamharibia chakula chake na sufuria yake, na yeye hana kosa lolote. Nikasema, "Hizi zinatoka Rwanda."

"Mbali," akasema, akanipakulia tena. Nilikula. Kunde zilikuwa tamu.

Nililala, na asubuhi mtoto mkubwa wa mdogo wangu alikuja kunisalimu kabla ya kupeleka ndama malishoni. Amerefuka, ana paji la uso la mama yake. Nilimsalimu kwa Kihangaza, kama mama yake alivyomzoesha alipokuwa mdogo. Alinitazama akitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Kisha akapiga goti akasema, "Mwangaluka, mayu," salamu ya Kisukuma ya asubuhi, anayopewa mama yeyote.

"Umesahau?" nikamwuliza kwa Kiswahili.

"Nini, mama mkubwa?"

"Basi, si kitu. Shule inaendaje?"

Akanieleza habari za shule, kwa Kiswahili safi cha darasani, cha aina ninayofundisha mimi mwenyewe kila siku, nami nikamjibu kwa hichohicho, tukatembea pamoja nyuma ya ndama mpaka njia panda.